Fito Kumi na Mbili za Mbono

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kupanda fito sitini kichwa chini. Nilizikata mwenyewe kwenye mbono wa zamani nyuma ya nyumba yetu hapa Dilala, mjini Kolwezi. Nilichagua zile tu zenye unene mmoja, nikazipima kwa rula, nikazikata kwa msumeno ncha zote mbili zikawa bapa kama chaki mpya. Kisha nikazifunga mzigo mmoja, nikazibeba hadi mbele ya nyumba, na nilipozitua zilikuwa zimegeuka. Sikujua. Ufito ukishavuliwa majani na kukatwa bapa pande zote mbili, si rahisi kuona upande upi ulitazama juu ulipokuwa mtini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kupanda ua nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na video haikulisema hilo.

Mstari wangu ulinyooka kuliko mstari wowote katika avenyu yetu. Siku ya tatu akapita mzee mpanda nyua tuliyemwita Fundi tu, akasimama, akainama kidogo.

"Petit, hii lupango ni ya nani?"

Petit ni kijana mdogo, na lupango ndivyo tunavyoita ua na kiwanja chake kwa pamoja.

"Ya mama, Fundi."

"Hapana. Hii ni ya bantu ya kule chini. Majani itatokea kwabo."

Majirani waliosikia kwamba ua wangu ni wa watu wa chini ya ardhi walicheka, na msimu wote wa mvua uliofuata niliitwa Fundi wa Chini. Fito zangu zilioza zikiwa zimenyooka.

Kosa la pili halikuwa kosa. Nililifanya kwa makusudi, nililifanya kwake yeye, na ni kwa sababu ya hilo ninaandika habari zake. Nitalifikia. Kwanza nataka aonekane alivyo, maana nikianza na nililomtendea, utamhurumia kabla ya kumjua. Yeye hapendi kuhurumiwa.

Aliishi Musonoi, karibu na mashimo ya mgodi. Zamani alikuwa karani wa ghala, na aliendelea kuvaa kama karani: shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni ambayo sijawahi kuiona ikiandika. Mfuko wa pili ulikuwa na kisu kidogo chenye mpini uliozungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kazi yake ilikuwa kupanda lupango za miti hai, mbono hasa, na kuzikata zikikua. Robo ya nyua za Dilala zilipita mkononi mwake. Ukitembea naye aligusa kila ua kwa kiganja bila kusimama, kama mtu anayewasalimia watoto wa shule waliojipanga mstari.

Alitembea kwa miguu kutoka Musonoi hadi kwetu. Vijana wa taksi-moto, zile pikipiki za abiria, aliwanunia tangu siku alipomkuta mmoja amevunja kitawi cha ua wake akikwangulia matope kwenye gurudumu. "Ulikiomba?" alimuuliza. Kijana akasema ni kitawi tu. Tangu siku hiyo hakupanda moto ya mtu. Na huyohuyo Fundi, mimi nimemwona kwa macho yangu akipita chini ya mpera wa watu, akainua mkono, akavunja kitawi, akakitafuna kama mswaki huku akiendelea na mazungumzo. Nilimwambia: "Fundi, hicho ulikiomba?" Akatema nyuzi pembeni. "Huyu muti tunafahamiana."

Nilimwonea wivu kwa mambo mengi. La kwanza lilikuwa maneno.

Mimi nina daftari. Nililianza baada ya aibu ya zile fito sitini, nikiamini kwamba mtu akijua maneno yote ya kazi yake hawezi kuchekwa tena. Niliandika kitawi, ufito, kijiti, ukuni, kigingi, mswaki, fimbo, mwiko. Nilipiga mistari kwa wino mwekundu. Nilipokosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, na ndiyo maana daftari lile lina kurasa chache kuliko daftari lolote unalolijua. Yeye hakuandika kitu. Maneno yalimtoka yakiwa mahali pake, na yalikuwa na sheria ambayo sikuiona katika kitabu chochote. Aliniambia siku moja akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichambua mzigo wa matawi:

"Ikiko juu ya muti, yote ni matawi. Ikishuka chini inaomba kazi. Kazi njo inapatiaka jina."

Kisha akaanza kugawa kazi na majina. Hiki cha unene wa kidole kidogo, kijiti, kiende kwa maharagi. Hiki kinene na kigumu, kigingi, kifunge mbuzi. Hiki kimepinda, kuni. Hiki kina macho yaliyojaa, ufito, kipandwe. Hiki kimegawanyika ncha kama mguu wa kuku, kazi yake kukoroga uji. Mkono wake ulitupa kulia na kushoto bila kupumzika, na marundo yalipokwisha hapakuwa na hata kimoja kilichobaki katikati. Mimi ningekaa na kila kimoja dakika tano, nikikigeuza, nikiogopa kukipa kazi isiyo yake.

Nilitaka nimshinde mara moja tu. Katika kamusi ya zamani ya misheni nikakuta neno utagaa. Nilimsubiri apite.

"Fundi, unajua utagaa?"

"Inafanyaka kazi gani?"

"Ni tawi. Tawi la mti."

"Nimesikia. Kazi yake?"

Kamusi haikusema.

"Basi iko shomeri," alisema. "Kuko bingi mu Kolwezi." Akaendelea na safari yake. Hata mama yangu, aliyekuwa akianua nguo, alicheka kusikia mji wetu umeongezewa mtu mmoja asiye na kazi.

Wivu wa pili ulikuwa wa mama. Baba alipofariki, Fundi alikuja asubuhi ileile na mzigo wa matawi ya mchikichi, akayasimamisha kwenye kona ya avenyu ili wapitao wajue kuna msiba na wenye pikipiki wapunguze mwendo. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, kila msiba hufanyiwa hivyo. Lakini watu walipotawanyika, mimi niliyekuwa mtoto wa kiume wa nyumba nilikuwa nahesabu viti vya kurudisha parokiani, nikigombana na mtu juu ya kiti kimoja kilichovunjika. Fundi alirudi peke yake, akayang'oa yale matawi, akafukia mashimo kwa kisigino. Alimwambia mama: "Ikibakia pale, bantu batakulilisha kila siku." Mama amenisimulia maneno hayo labda mara ishirini. Kila mara namjibu kwamba na mimi ningeyatoa, kesho yake.

"Ungeyapima kwanza," hujibu mama.

Ana mdomo wa namna hiyo, mama. Nilipopanda upya mbele ya nyumba, nikiwa nimenyoosha kamba kutoka nguzo hadi nguzo, aliniletea maji na kusema: "Angalia Fundi, hana hata na kamba, na lupango yake inanyooka. Weye uko na kamba, uko na rula, uko na telefone." Hakunitukana. Alisema tu kilichokuwapo.

Usidhani Fundi alikuwa mtakatifu. Alijisifu. Aliwasema vibaya mafundi wote waliomtangulia, hata waliokufa. Siku moja kwenye barabara ya malori, dereva aliyekuwa amemaliza kutengeneza gari lake alipanda akawasha injini, akiacha barabarani yale matawi ambayo madereva hulaza nyuma ya gari lililokufa ili wengine wasiligonge. Fundi akasimama mbele ya lori.

"Shofele, unaacha bongo mu barabara."

"Muzee, uongo gani? Ni majani tu."

"Asubuhi uliipatia kazi ya kusema kuko hatari. Hatari imekwisha na yee angali anasema. Shuka umuachishe kazi."

Foleni ilikuwa imeanza nyuma, honi zinalia, na dereva, mtu mzima mwenye tumbo, alishuka akayakusanya tawi kwa tawi. Nilimheshimu Fundi siku ile. Kisha nikamwona akiyapokea yale matawi kutoka kwa dereva, akichagua yaliyo makavu, na kuyafunga aende nayo kwake kupikia.

Wivu wa tatu ulikuwa wa kidole gumba. Kabla ya kupanda, Fundi alikata kila ufito kwa namna moja: chini mshazari, juu bapa. Mshazari ndio uliosema huu ni mguu. Lakini kabla ya kukata ilibidi ajue, na alijua kwa kidole. Kila jani likianguka huacha kovu, na jicho la chipukizi hukaa juu ya kovu, halikai chini yake. Alipitisha kidole gumba mara moja huku akizungumza habari nyingine, na kisu kikafuata. Mimi nilikuwa nimeshajifunza hilo kutoka kwake kwa kumwibia kwa macho, lakini nilihitaji kusimama kwenye mwanga na kukodoa. Nilipowahi kumwomba anifundishe, alisema, "Weye una mwalimu mu telefone." Alikuwa anatania. Mimi sikuwa na nafasi ndani yangu ya kuweka utani.

Sasa nimelifikia lile kosa la pili.

Mama wa vitambaa ni mfanyabiashara wa nguo sokoni, ukoo wake ulitoka upande wa Maniema, na alikuwa akijenga nyumba pembeni mwa Dilala. Lupango yake ingekuwa ndefu na ingeonekana na kila anayeingia mjini kutoka upande ule. Nilimpelekea mchoro. Niliuchora mara tisa. Aliutazama kwa heshima, akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Mwanangu, karatasi yako ni nzuri. Lakini Fundi nimekwisha kumwita jana."

Fundi alipanda siku nne. Jumapili iliyofuata yeye alikuwa kanisani Musonoi, Mama wa vitambaa alikuwa dukani, na kiwanja kilikuwa kitupu. Nilikwenda na kisu. Nilichukua fito kumi na mbili za mwisho, zile za kando ya lango ambazo kila mtu angezipita. Nilizing'oa mmoja baada ya mwingine. Kuzigeuza tu kusingetosha, maana mshazari ungebaki juu na mtoto angeona. Kwa hiyo nilikata mshazari wa Fundi ukawa bapa, nikakata bapa yake ikawa mshazari, kwa pembe yake ileile, kwa kisu nilichokinoa kwa ajili hiyo. Nikazirudisha kichwa chini katika mashimo yaleyale, nikashindilia udongo kwa kisigino kama afanyavyo yeye.

Nimekuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni, hata barua ya kuomba ruhusa shuleni niliiandika mara tano, lakini asubuhi ile sikurudia kitu. Lazima niseme ukweli huu pia: ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizokuwa nimewahi kufanya.

Utomvu wa mbono haufutiki kwenye nguo. Mama aliona madoa ya kahawia kwenye mkono wa shati.

"Ulikuwa unakata mbono?"

"Ndiyo, mama. Najifunza."

"Siku ya Mungu?"

Alidhani ni bidii.

Lupango karibu nzima ilishika. Mvua zilipokolea ilikuwa kijani kuanzia pembe ya nyuma hadi karibu na lango, na langoni fito kumi na mbili zilisimama nyeusi. Mama wa vitambaa alimwita. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, najifanya natafuta mtandao kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wa namna tatu, kutegemea angemshuku nani.

Fundi aling'oa ufito mmoja. Akatazama mguu wake, mshazari. Akapitisha kidole gumba. Akakipitisha tena, polepole. Akang'oa wa pili, na wa tatu. Alipofika wa tano aliacha kung'oa. Alisimama akiugeuza kwa mikono miwili, juu chini, chini juu.

"Mama," alisema mwishowe, "ni miye. Mukono yangu njo imekosa. Macho imeanza kuniacha."

Nilikuwa nimetengeneza mshazari ule vizuri mno. Ulifanana na wake hata yeye hakuweza kuukana.

Mama wa vitambaa hakumkaripia. Alinitumia mtu kesho yake, nikapanda upya zile kumi na mbili kwa kichwa kilicho juu, zikashika, na kuanzia hapo watu wakaanza kuniita. Fundi hakupokea tena kazi ya lupango. Waliomwendea aliwaambia: "Muite ule petit wa Dilala. Miye sasa nakata ya maharagi tu." Nilielewa maana yake kabla ya yeyote. Kijiti cha maharagi hakina kichwa. Ukikichomeka juu chini, maharagi hayajui, yatapanda tu. Alikuwa amejitafutia vijiti ambavyo mkono wake usingeweza kuvikosea. Aliviuza kwa mafungu kando ya njia ya Musonoi, na shati lake lilikuwa bado limepigwa pasi.

Ungetegemea wivu uishe hapo. Haukuisha. Watu walianza kumsifu kwa unyenyekevu. "Fundi alijua saa ya kuacha," walisema, na mimi niliyekuwa na kazi yake yote nilimwonea wivu hata kwa kuacha.

Miaka minne ilipita hivyo. Mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, alinitumia mtu nikamwone. Mgodi unasogea upande wao na nyumba za avenyu yake zimeandikwa namba ukutani. Watahamia mahali papya, udongo mtupu, hakuna hata kivuli. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo yake mbele ya lupango yake mwenyewe, ya kwanza kabisa aliyoipanda maishani. Alikuwa ameikata. Mzigo mkubwa wa fito za mbono ulikuwa miguuni pake, umefungwa kwa kipande cha mpira.

"Karibu, Fundi," aliniambia. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nyumba naachia. Lupango siachie, nitaipanda kule. Nataka uniangalizie kichwa na muguu, kabla sijakata. Macho yangu iliharibika. Unajua, tangu ile ya Mama wa vitambaa."

Nilikaa chini. Nilichukua ufito, nikautazama, nikauweka. Kumbuka mimi ni mtu wa kuandika kila kitu mara tisa. Hili sikuwa nimeliandika hata mara moja.

"Fundi, macho yako haikukosa. Zile kumi na mbili nilizigeuza mimi."

Hakusikia, au alisikia akataka kusikia tena. "Unasema?"

"Nilikwenda Jumapili ukiwa kanisani. Nilizing'oa, nikazigeuza, nikazikata upya."

"Chini mushazari?"

"Ndiyo."

"Juu bapa."

"Ndiyo, Fundi."

"Zote?"

"Zote."

"Kwa kisu gani?"

Nilimwonyesha, kilikuwa mfukoni. Alikipokea, akajaribu makali kwenye ukucha, akanirudishia. Mkewe alikuwa ndani akifunga vyombo, tulisikia sahani zikigongana.

"Ilikatwa muzuri," alisema. "Njo juu ya ile niliamini ni miye nilikosa."

Aliinama, akaufungua mzigo. Akafumba macho. Akachukua ufito wa kwanza, akapitisha kidole gumba, akakata mguu mshazari, akaulaza kushoto. Akachukua wa pili. Nilikuwa natazama kila mmoja, nikikodoa kama kawaida yangu, nikitafuta kovu na jicho, na kila mmoja alikuwa sahihi. Alikata mzigo wote hivyo, macho yamefumbwa, bila haraka, na hakukosea hata mmoja. Machozi yalimtoka lakini hakuyafuta, mikono ilikuwa na utomvu.

Alipofungua macho alinitazama kana kwamba ndipo nimefika.

"Miaka ine," alisema. "Miaka ine nauzisha bijiti ya maharagi."

"Nisamehe, Fundi."

"Ulinionea wivu?"

"Ndiyo."

"Ya nini?"

Nilitaka kusema maneno, mama, kidole gumba. Nikasema: "Ya yote."

Alifikiri juu ya hilo. Nadhani sehemu yake ilimpendeza, maana alikuwa mtu wa kujisifu, na hilo lilimkasirisha zaidi. "Enda kwako," alisema. "Kesho usikuye. Keshokutwa pia usikuye. Na Mama wa vitambaa utamuambia weye mwenyewe, na kinywa yako, haiko na karatasi."

Nilimwambia Mama wa vitambaa kesho yake, mbele ya wateja wawili. Alikunja kitambaa alichokuwa ameshika hadi kikawa kidogo sana, kisha akasema, "Toka dukani mwangu." Ndivyo alivyosema, na habari ikafika Musonoi kabla mimi sijafika nyumbani.

Fundi anapanda lupango tena. Mimi bado nina wivu, na daftari, na wateja wachache kuliko mwaka jana. Nimeacha kuchana kurasa. Mwezi uliopita mama yangu alitaka ua mpya nyuma ya nyumba, akasema anamtaka Fundi, na mimi ndiye niliyetembea kwa miguu kwenda kumwita.